Sabuni ya Masista

Ng'ombe wa Bibi Verediana alizaa Jumanne alfajiri, na ilipotimia saa mbili kijiji kizima cha Ilagala kilikuwa kimeshapata habari zote mbili: kwamba mkunga amezalisha tena, na kwamba safari hii mama hamtaki mtoto.

Habari ya kwanza haikumshangaza mtu. Verediana alikuwa mkunga wa zahanati ya misheni kwa miaka thelathini na mmoja. Alistaafu, akapewa barua na vipande sita vya sabuni, lakini mikono yake haikupewa taarifa. Karibu kila mtu wa chini ya miaka thelathini na mitano pale kijijini alikuwa amepita mikononi mwake akiwa uchi, kichwa chini, akilia, na Verediana hakuona sababu ya kulisahau jambo hilo eti kwa kuwa mtu ameota ndevu. Siku moja mkutanoni mwenyekiti wa kijiji alimwomba aketi ili wengine nao waseme. "Mimi ndiye niliyekupiga kofi la kwanza," Verediana alimjibu, "na kama hukulisikia vizuri naweza kulirudia." Mwenyekiti akaona heri Bibi aendelee kusimama.

Habari ya pili ndiyo iliyowatoa watu majumbani.

Ilagala ni kijiji cha ziwani, cha wavuvi wa dagaa na migebuka. Ng'ombe watu wake walimjua kwa kumwona akipita njiani kwenda kuuzwa, au akiwa tayari vipande vipande. Huyu alifika miezi minane nyuma na mzee Protais, mmoja wa Warundi walioshuka kwa miguu nchi yao ilipochafuka. Mzee alifika na ng'ombe mmoja na kidonda kimoja, vyote viwili vikiwa vimeharibika kwa safari. Verediana akakisafisha kidonda miezi miwili mpaka kikafunga. Lori la kuwapeleka wakimbizi kambini lilipokuja, likawa linachukua watu, magodoro na kuku, lakini halichukui ng'ombe. Mzee akamkabidhi mkunga kamba. "Nikirudi tutagawana ndama," alisema. "Nisiporudi, wote wako." Wakati huo hakuna aliyejua kwamba ndama mwenyewe tayari alikuwa tumboni.

Ng'ombe alikuwa mwekundu wa kahawia, ila kichwani alikuwa na baka jeupe lililomshukia mpaka nyuma ya masikio, kama shela. Alitembea polepole, na aliwatazama watu kana kwamba wamechelewa misa. Verediana akamwita Sista.

Katekista Gervasi alilipinga jina hilo. Alikwenda nyumbani kwa Verediana akiwa amevaa koti kabisa.

"Bibi Verediana, hilo si jina la ng'ombe."

"Ni jina la heshima. Sista mkuu wangu alinitazama hivyo hivyo miaka thelathini na mmoja."

"Lakini jana amekunya mbele ya kanisa. Watoto wa mafundisho wanapiga kelele kwamba Sista amekunya."

"Kwani Sista hanyi?"

Gervasi alifikiri. Katika katekisimu yote hakukuwa na jibu la swali hilo, akaaga.

Basi Jumanne hiyo Sista alizaa salama. Ndama alikuwa dume, mwekundu kama mama yake, miguu mirefu isiyoelewana. Verediana alimfanyia kila alichojua kumfanyia mtoto mchanga. Alimtoa ute puani kwa kidole. Akamkata kitovu kwa wembe mpya na kukifunga kwa uzi uliochemshwa. Kisha akaenda ndani, akafungua sanduku, akatoa sabuni.

Hapo lazima isemwe kidogo juu ya sabuni. Ilikuwa ya waridi, imefungwa karatasi yenye picha ya ua, na Masista walimpa vipande sita siku ya kumuaga. Watu wengine wa Ilagala waliogea sabuni ya mawese, nyeusi, ya kufulia na kuogea na kuoshea sufuria, na Verediana naye aliogea hiyo hiyo. Vile vya Masista alivilaza katikati ya nguo zake za Jumapili. Katika miaka minne alikuwa amefungua kimoja tu, mwaka uliopita, kwa shughuli maalumu. Cha pili alikifungua kwa ajili ya ndama.

Alimwosha mara mbili kwa maji ya uvuguvugu, mpaka nyuma ya masikio. Akamkausha kwa kitenge. Akampaka poda. Alipomaliza, ndama alikuwa msafi kuliko mtoto yeyote wa kata ile, na alinukia kama bibi harusi. Akamsukuma taratibu hadi kwa mama yake.

Sista alinusa. Pua zikampanuka. Akarudi hatua moja nyuma, akamtazama Verediana kama mtu aliyeletewa chai iliyoagizwa na meza nyingine. Ndama akajikongoja kwenda kwenye kiwele. Sista akampiga teke.

Verediana alifanya alichokifanya siku zote kwa wazazi wagumu: alikemea. "Sista! Mtoto wako huyo! Nimeona wasichana wa miaka kumi na sita wakinyonyesha bila kelele, wewe mtu mzima unajifanya nini?" Sista akapiga teke la pili. Ilipofika zamu ya kondo la nyuma kuanguka, yule ng'ombe, aliyekataa katakata kumlamba mwanawe, aligeuka na kutaka kulila. Verediana alilinyakua mbele ya mdomo wake. "Huna hata haya!" Akaenda akalifukia nyuma ya choo, chini ya mgomba, kina cha goti, kama alivyowafundisha wanawake wote wa Ilagala. Aliporudi, ndama alikuwa amepigwa kikumbo mpaka ukutani.

Wa kwanza kutoa ushauri alikuwa Hamdani, jirani, mvuvi mwenye mtumbwi wa mashine, aliyekuwa anatoka ziwani akinuka petroli. Alifuatana na mbwa wake aitwaye Sajini, na nyuma yao, polepole, mke wake Mwavita, Mmanyema wa Ujiji, mwenye mimba ya siku za mwisho na sahani ya ugali wa muhogo aliyokuwa akila huku amesimama.

"Shikamoo Bibi. Huyu tumfunge tu."

"Marahaba. Umeshawahi kufunga ng'ombe?"

"Nimewahi kufunga samaki wa kilo hamsini."

"Samaki hana miguu, Hamdani."

"Ndiyo maana alifungika vizuri."

Alimzunguka Sista kwa nyuma na kamba ya nyavu. Watu waliokuwepo hawakukubaliana baadaye kuhusu kilichotokea, kwa sababu kilitokea haraka, lakini wote waliona Hamdani akitua katikati ya dagaa waliokuwa wameanikwa uwanja wa pili. Alikaa pale kidogo, akatoa dagaa mmoja sikioni.

"Bibi," alisema, "huyu si Sista. Huyu amepitia jeshini."

Wa pili alikuwa Gervasi, na maji ya baraka katika chupa ya soda. Alimnyunyizia ng'ombe. Ng'ombe akapiga chafya, na kilichotoka puani kililiharibu koti. Macho ya Gervasi yalimwambia Verediana kwamba hayo ndiyo matunda ya jina.

Kufikia saa sita uzio ulikuwa umejaa watu. Wengine walikuja na vigoda. Mtu mmoja, ambaye Verediana aliitambua sauti yake na kupanga kumshughulikia baadaye, alisema kwa nguvu, "Leo mkunga kashindwa na ng'ombe!" Wakacheka.

Verediana hakucheka, na si kwa sababu ya aibu peke yake. Alikuwa anamtazama ndama. Asubuhi alisimama mara moja na kutembea. Saa nne alisimama kwa kuhangaika. Sasa alikuwa amelala, kichwa kimeegemea mkunga kama mgonjwa, na kila akinyanyuliwa magoti yalikunjika. Mtoto wa mtu au wa ng'ombe, lazima apate dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, tena siku ile ile. Asipoyapata anapoa kidogo kidogo, halafu jioni hafumbui macho. Alikuwa ameshajaribu kukamua mwenyewe ampe kwa kikombe, lakini Sista alikuwa ameyazuia maziwa yake juu kabisa. Ng'ombe wale wa Burundi hawaachii kwa mtu. Huachia kwa ndama wao, tena ndama waliyemkubali. Yalitoka matone mawili ya njano, kama ya kumdhihaki.

Alizipitia kichwani kazi zake zote, mwaka baada ya mwaka. Watoto walimfia, ndiyo, na akina mama pia, na kila mmoja alimkumbuka. Lakini mtoto kufa hali mama yake amesimama pembeni na kiwele kimejaa, hilo halijawahi. Hata yule mmoja aliyekataa kumtazama mwanawe siku tatu nzima, yule wa Burundi, alipokemewa vya kutosha alinyonyesha.

Alikuwa bado anamfikiria aliponyanyua macho na kumwona yuko kwenye uzio.

Révérienne alikuwa ametoka kulima muhogo kwa watu, jembe begani na mtoto mgongoni. Alifika Ilagala kwa mtumbwi mwaka uliopita, akajifungulia pale pale mchangani kabla hajavuka mstari wa nyavu. Mtoto alimwita Ciza, jina ambalo kwao hupewa anayefuata mapacha. Mapacha wenyewe walikuwa wapi, hakuna aliyeuliza mara mbili. Lori la kambini lilipokuja yeye alikuwa na homa, na Verediana alimwambia karani wa lori kwamba mgonjwa wake haendi popote, kisha akamwuliza karani mwenyewe kama ameshapimwa minyoo. Révérienne akabaki. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila Verediana alipomsalimu alijibu akitazama chini.

Sasa alikuwa anamtazama ndama. Akavuta hewa puani, mara moja, mara ya pili.

"Bibi," alisema taratibu, "umemwosha?"

"Swali gani hilo? Nimemwosha mara mbili."

"Na sabuni?"

"Na sabuni ya Masista. Na poda."

Révérienne akaziba mdomo kwa kiganja. "Na kondo lake?"

"Nimelifukia. Alitaka kulila, mshenzi huyu."

"Astaghafirullah," alisema Hamdani kutoka upande wa dagaa.

Révérienne aliteremsha jembe. Alisema kama mtu anayeomba radhi kwa kujua. "Bibi, ng'ombe hamjui mtoto kwa macho. Anamjua kwa pua. Asubuhi amezaa mtoto mwenye harufu yake. Akageuka amlambe, wewe umeshamchukua. Umekwenda, umerudi, umemletea mtu wa dukani."

Watu wa uzio walicheka mpaka kigoda kimoja kikavunjika. Mwavita alicheka akashika tumbo, akaambiwa na watatu kwa mpigo asicheke hivyo, atazalia hapo.

Verediana alisimama. Miaka thelathini na mmoja na hakuna mtu aliyewahi kumweleza jambo la uzazi mbele ya watu, achilia mbali mwanamke ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemzalisha. Alitafuta neno la kujibu, na lilikuwepo, tena kali. Kisha ndama akakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu.

"Tufanyeje?" aliuliza.

Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Tulitoe kondo. Tumpake."

Verediana akalichukua jembe la Révérienne. "Nani bado anacheka? Hamdani, wewe ulikuja duniani matako mbele, ukatusumbua siku nzima. Funga mdomo, unifuate."

Walikwenda nyuma ya choo, na kijiji kikafuata. Chini ya mgomba palikuwa na shimo, limechimbuliwa kwa ustadi, tupu. Kando yake zilikuwepo nyayo za miguu minne.

"Sajini," alisema Hamdani, kwa sauti ya baba aliyeitwa shuleni.

Mbwa alikuwa chini ya mtumbwi uliopinduliwa, na mlo wake ulikuwa kati ya miguu ya mbele. Alipoona watu sitini wanamjia, aliubeba akakimbia. Na hapo ndipo wavuvi wa Ilagala, ambao tangu asubuhi walikuwa hawana faida yoyote, walipata kazi wanayoiweza. Bila mtu kuamuru waligawanyika pande mbili, wavu ukafunguliwa, mmoja akapiga debe kumtisha upande wa ziwa, wengine wakazunguka kwenye michikichi. Walimkokota Sajini ufukweni kama migebuka. Nusu ya kondo ilikuwa imesalimika, imejaa mchanga na magamba.

"Itatosha?" aliuliza Verediana.

"Pua ya mama haihitaji kingi," alisema Révérienne.

Kwanza walimtoa ndama harufu ya duka: maji matupu ya ziwa, nyasi kavu, kumsugua mpaka poda ikaisha. Kisha Verediana akapiga magoti na kumpaka lile kondo kwa mikono yake, mgongoni, kichwani, shingoni, na kwa maelekezo ya Révérienne, chini ya mkia kwa wingi. Kazi ya asubuhi nzima ikafutika. Ndama alinuka sasa kiasi kwamba watu wa mstari wa mbele walitoa nafasi kwa watu wa mstari wa nyuma. Révérienne akaomba chumvi, akamnyunyizia juu yake.

"Sasa tumsogeze. Na kiwele kikandwe kidogo, maziwa yashuke. Mtafute mwanamume."

"Wa nini?"

"Kwetu mwanamke hakami ng'ombe. Ni mwiko."

"Mikono hii," alisema Verediana, akiinyoosha vile vile ilivyokuwa, "imekamua maziwa ya nusu ya kata. Mama yake Gervasi nilimkamua siku mbili, la sivyo tusingekuwa na katekista. Geuka huko usione mwiko."

Gervasi akayatazama mawingu. Révérienne akageuza uso ukutani, lakini aliendelea kumsemesha ng'ombe akiwa amempa mgongo, kwa Kirundi, sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto alale. "Hora, mama. Hora, hora."

"Hola?" Hamdani aliruka, kwani kwake hola ni kuambulia patupu. "Hola nini? Bado hatujajaribu!"

"Nyamaza, si hola," alisema Verediana, ambaye Kiha chake, kinachokaribiana na Kirundi, kilimtosha kuelewa. "Anamwambia atulie. Na wewe pia hora."

Masikio ya Sista yalikuwa yamegeuka. Miezi sita, tangu mzee aondoke, watu walimsemesha kwa Kiswahili cha kukemea, na sasa kwa mara ya kwanza alisikia mtu anasema kama nyumbani. Akashusha kichwa. Akanusa mgongo wa ndama. Akanusa tena, kwa muda mrefu, na kitu fulani kikasogea ndani ya koo lake, mngurumo mdogo usiosikika kwa aliye mbali. Akatoa ulimi. Alilamba chumvi, na chini ya chumvi akakutana na kitu kingine, akaacha kulamba, akawaza, akalamba tena.

Uzio mzima ulivuta pumzi. Verediana akamsukuma ndama kwenye kiwele. Mguu wa Sista ukanyanyuka.

Haukupiga. Lakini haukushuka.

"Anajua ni nani," alisema Révérienne. "Hajajua kama ni wake. Sasa tunahitaji adui."

"Adui?"

"Kitu cha kumtisha kwa ajili ya mtoto. Nyumbani baba alikuwa analeta mbwa."

Watu sitini wakageuka kuutazama wavu.

"Hapana," alisema Hamdani. "Huyu mbwa ana mambo mengi leo."

"Kwani nani alikula dawa ya mgonjwa?" aliuliza Verediana. "Mfungue."

Sajini alifunguliwa. Mbwa mwingine angekimbilia nyumbani. Lakini upepo ulitoka zizini, na ulimletea habari kwamba nusu ya chakula chake iko pale, imepakwa juu ya kitu laini kisichojiweza. Alikwenda moja kwa moja kwa ndama na kutoa ulimi.

Sauti aliyoitoa Sista ilisikika mpaka kwenye mdomo wa mto Malagarasi. Alimrukia mbwa kwa pembe zote mbili. Sajini alipita katikati ya miguu ya Gervasi, Gervasi akapita juu ya uzio, koti likabaki kwenye uzio. Ng'ombe alimfukuza mbwa uwanja mzima, akaharibu dagaa kwa mara ya pili siku hiyo, akamwingiza ziwani, na Sajini akaogelea mpaka kwenye mtumbwi uliotia nanga, akapanda, akakataa kushuka mpaka jioni.

Sista alirudi mbio. Hakumtazama mtu. Alimnusa ndama kuanzia pua hadi mkia, kila mahali, kama anayehesabu iwapo viungo vyote vimerudi. Kisha akasimama juu yake, miguu minne imara, akawakazia macho watu wa Ilagala mmoja mmoja, na safari hii hakuna aliyehisi kwamba amechelewa misa. Walihisi kwamba wakisogea watakufa.

Verediana ndiye peke yake aliyesogea. Akainama polepole, akamnyanyua ndama kwa tumbo, akamshikilia. Ndama alitafuta kwenye goti, akatafuta kwenye mbavu, akapata. Mguu wa Sista haukunyanyuka. Mkia mdogo ukaanza kutikisika, na pembeni mwa mdomo wa ndama povu likatoka, zito, la njano.

"Bibi," Hamdani alinong'ona, "ananyonya."

"Nina macho," alisema Verediana. Alikuwa nayo, ila wakati huo yalikuwa hayaoni vizuri.

Watu walipokwisha kutawanyika na vigoda vyao, wanawake wawili walibaki. Verediana alitoa beseni la maji na kile kipande cha sabuni, ambacho bado kilikuwa kikubwa, na kumpa Révérienne kwanza, kama mgeni. Révérienne alikipokea kwa mikono miwili, akakisogeza puani, akakirudisha.

"Hii naijua."

"Huwezi kuijua. Haiuzwi hapa."

"Ndiyo uliyomwoshea Ciza."

Ilikuwa kweli. Kipande cha kwanza. Mtoto alizaliwa kwenye mchanga wenye petroli na maji machafu ya mtumbwi, hana hata kitambaa, na mkunga alisema moyoni kwamba aliyeanza dunia namna ile anastahili kunukia vizuri walau siku moja. Alimchukua mara tu alipotoka, akaenda naye nyumbani kwake, akamwosha mara mbili.

"Ulimchukua bado ana maji yangu," alisema Révérienne. Alisema bila kulalamika, akinawa kwa maji matupu. "Nilisikia analia, halafu sauti ikaenda mbali. Mimi nilikuwa nimeshapoteza wawili, Bibi. Ukarudi na mtoto mweupe kwa poda, ananuka hivi. Nikajua yule wangu amekufa. Nikasema huyu bibi ni mtu mwema, amenitafutia mwingine kwa Masista."

"Siku tatu!" alisema Verediana. "Siku tatu hukumtazama! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unanikemea."

Ndani ya zizi Sista alikuwa analamba, ulimi ukikwaruza kama msasa. Mtoto Ciza aliamka mgongoni, akashika sikio la mama yake.

"Halafu?" Verediana aliuliza.

"Siku ya nne harufu ya sabuni iliisha. Akaanza kunuka mkojo na maziwa yaliyoganda. Nikamnusa hapa, kwenye utosi." Révérienne akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza akimtazama usoni. "Wewe ulifikiri ni kelele zako."

Verediana alikichukua kile kipande, akakifunga tena ndani ya karatasi yake yenye ua, akakunja pembe moja baada ya nyingine mpaka zikalala sawa. Alichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

"Nilifikiri ni kelele zangu," alisema.

Ijumaa mchana Mwavita alishikwa na uchungu. Zahanati ilikuwepo, mwendo wa mtumbwi toka kijijini, na mganga mpya kijana alikuwepo, lakini mtumbwi wa Hamdani ulikuwa umefunguliwa mashine, na Mwavita alisema yeye hatembei hatua moja, aitwe Bibi. Bibi alikuja. Njiani alipita shambani kwa watu akamchukua Révérienne, na alipoulizwa na mama mkwe wa Mwavita ni nani huyu, alijibu kwamba ni mtaalamu.

Hamdani aliachwa nje na Sajini, ambaye tangu Jumanne alikuwa hakanyagi tena upande wa zizi. Alisikia mke wake akilia. Kisha, kupitia dirishani, akasikia ile sauti ya chini ya Kirundi: "Hora, hora."

"Hola?" Alipiga mlango kwa viganja vyote. "Hola nini, Bibi? Mbona hola? Hakuna mtoto?"

Akajibiwa na mtoto mwenyewe, kwa kelele. Mlango ulipofunguliwa Hamdani aliingia mbio, akasimama ghafla. Beseni la maji ya moto lilikuwa pembeni, halijaguswa. Mtoto alikuwa kifuani kwa Mwavita vile vile alivyotoka, ana ute na damu na utando mweupe, nywele zimegandana, na Mwavita ameinamisha pua juu ya utosi wake, amefumba macho, anavuta hewa kama mtu aliyefika sokoni kwenye vitumbua.

"Bibi," alisema Hamdani, "mbona hujamwosha? Ana... ana mambo."

Verediana alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imetulia juu ya magoti, na hilo lilimtisha Hamdani kuliko kitu chochote.

"Ataoshwa kesho. Muache mama yake amnuse kwanza."

"Lakini wageni wanakuja! Watu wa Ujiji wanakuja! Watasema nini?"

"Hamdani," alisema mkunga kwa upole, "toka nje, au namwita Sajini, na leo mama ni Mwavita."